Redio, spika na kuzuia kelele kwenye pikapu: mwongozo kwa wasafirishaji wa mipakani

Pikapu nyingi za kazi zinazopita Namanga, Busia, Rusumo na Tunduma zilitengenezwa kwa ajili ya mzigo, si kwa ajili ya muziki. Chini ya kapeti kuna bati tupu, ndani ya milango kuna uwazi mtupu, na redio iliyotoka nayo kiwandani huzidiwa na mlio wa injini ya dizeli na matairi mara gari linapofika kilomita 80 kwa saa. Wenye magari wengi hutatua jambo hilo kwa kununua amplifaya na sabufa kubwa. Mara nyingi hiyo ndiyo njia ya gharama kubwa zaidi, na ndiyo inayoleta betri zilizokufa na waya zilizoungua.

Utaratibu ulio salama ni kupunguza kelele kwanza, kuweka umeme sawa, na kufunga vyombo vya muziki mwishoni. Makala hii inaeleza kila hatua, pamoja na mambo ya kuangalia kwa gari linalovuka mpaka.

KWA NINI KELELE IANZE

Sauti hupimwa kwa desibeli. Ili sauti ya spika iongezeke kwa desibeli 3, nguvu ya amplifaya lazima iwe maradufu. Anayetumia wati 50 atahitaji wati 100, na kwa desibeli 3 nyingine atahitaji wati 200. Kwa hiyo kelele ya kebini ikipungua kwa desibeli 6, redio husikika juu ya kelele kama vile nguvu yake imeongezwa mara nne, bila kugusa betri wala alternata.

Sababu ya pili ni afya ya dereva. Wataalamu wa usalama kazini hushauri mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye desibeli 88 muda ni saa 4, na kwenye 91 ni saa 2. Dereva anayeongeza redio ili ishinde kelele ya gari anajiongezea mzigo wa masikio kwa safari nzima, na masikio yakishaharibika kwa kelele hayaponi. Kelele ya muda mrefu pia huchosha, na dereva aliyechoka ni hatari kwa mzigo na kwa watu.

KUTAFUTA KELELE INAKOTOKA

Kabla ya kununua chochote, gari liendeshwe kwenye lami bila redio, madirisha yakiwa yamefungwa, na mtu wa pili asikilize. Vyanzo vya kawaida ni hivi:

- Mipira ya milango iliyokauka au kupasuka. Upepo hupiga mluzi na vumbi huingia.
- Matundu kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kebini, hasa pale vizibo vya mpira vilipotolewa na mafundi waliopita.
- Bomba la moshi linalovuja.
- Matairi yenye meno makubwa ya matope.
- Bati la paa, mlango na ukuta wa nyuma linalotetemeka kama debe.
- Vitu vilivyolegea, kama vile jeki, spana, lachi ya kalasha na namba ya gari.

Bomba la moshi linalovuja litengenezwe kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua, na tatizo hilo halitibiwi kwa kufunika sakafu. Mipira ya milango na vizibo vya matundu ni vitu vya bei ndogo, na mara nyingi hupunguza kelele kiasi cha kumshangaza mwenye gari.

VIFAA VYA KUZUIA KELELE

Vifaa viko vya aina tatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni shiti nzito za mpira wa butili zenye foili ya aluminiamu juu. Hizi hubandikwa kwenye bati ili kuzuia mtetemo. Si lazima kufunika bati lote. Kufunika kati ya robo na nusu ya kila eneo la bati lililo wazi hutosha, kwa sababu kazi ya shiti ni kulizuia bati lisitikisike. Unene wa milimita 2 unafaa kwa pikapu.

Cha pili ni sponji isiyonyonya maji, yenye unene wa milimita 3 hadi 6. Hii huwekwa juu ya shiti ili kava na kapeti visigongane na bati. Sponji ya godoro isitumike. Hunyonya maji, huoza, na bati hushika kutu chini yake.

Cha tatu ni vinaili nzito, yenye uzito wa karibu kilo 5 kwa mita ya mraba. Hii ndiyo inayozuia sauti ya injini na matairi kupenya. Hulazwa sakafuni na kwenye ukuta wa upande wa injini, juu ya sponji, bila kuacha nafasi.

Baadhi ya mafundi hutumia shiti za lami zinazotengenezwa kwa ajili ya kuzibia mapaa ya nyumba, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Gari lililoegeshwa juani kwenye miji kama Mombasa au Dar es Salaam hupata joto kali kwenye paa na milango. Lami hulainika, huteremka, na harufu yake hubaki ndani ya kebini. Shiti hizo zisibandikwe kwenye paa wala milangoni.

Kuhusu uzito, singo kebini huhitaji takriban mita za mraba 4 hadi 5 za shiti, yaani kilo 12 hadi 15. Ukiongeza mita 2 za vinaili, jumla hufika karibu kilo 25, sawa na nusu mfuko wa saruji. Kwa pikapu inayobeba karibu tani moja, huo si uzito wa kuogopa, lakini uhesabiwe.

HATUA ZA KUBANDIKA

1. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kwa gari lenye mifuko ya hewa ya usalama, subiri angalau dakika 2 kabla ya kugusa waya za ndani. Waya na soketi za mifuko hiyo kwa kawaida ni za rangi ya manjano, na hazikatwi wala hazipimwi kwa testa.

2. Toa viti, kapeti na kava za milango. Weka skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake.

3. Angalia kutu na unyevu. Bati lenye kutu likwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza. Kubandika juu ya kutu ni kuificha ili iendelee kula.

4. Safisha bati kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Vumbi na mafuta ndiyo sababu kubwa ya shiti kubanduka.

5. Bandika shiti na uikandamize kwa rola ngumu hadi mistari ya foili ilale. Asubuhi ya baridi, shiti ipashwe moto kidogo kwa draya ya nywele.

6. Milangoni, usizibe matundu madogo ya chini yanayotoa maji ya mvua. Usiguse njia ya kioo, vyuma vya loki, wala nondo ya usalama iliyo ndani ya mlango.

7. Weka sponji, kisha vinaili, kisha kapeti. Hakikisha kanyagio za mafuta, breki na klachi zinafika mwisho wake bila kuguswa na kapeti iliyoinuka.

Kazi hii huchukua siku moja hadi mbili kwa watu wawili. Waya za spika na za amplifaya zipitishwe wakati huu huu, kabla kapeti haijarudishwa.

KUCHAGUA REDIO

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huja na redio ya huko. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na zamani yaliishia 90, na siku hizi hufika 95. Afrika Mashariki hutumia 87.5 hadi 108. Maana yake ni kwamba redio hiyo hukosa stesheni nyingi, hata kama ni nzima kabisa. Kuna vifaa vidogo vya kugeuza masafa vinavyofungwa kwenye waya wa antena, lakini kwa msafirishaji anayepita mikoa mingi ni nafuu kuweka redio inayopokea masafa yote.

Tahadhari nyingine ni kwamba redio nyingi za Toyota za Japani zenye ramani hujifunga betri ikiondolewa. Baada ya hapo hudai namba maalumu au kadi ya ramani. Mwenye gari ahakikishe ana kadi hiyo kabla fundi hajagusa betri.

Pikapu hutumia volti 12. Malori mengi na baadhi ya magari kama Canter hutumia volti 24 kwa betri mbili zilizounganishwa. Redio ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja kwenye 24 huungua. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili nako ni kosa. Betri hiyo hupungua kuliko mwenzake, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa mapema. Lori lifungwe kigeuza umeme cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha.

WATI ZA KWELI NA WATI ZA BOKSI

Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwa kawaida hutoa wati 15 hadi 20 za kudumu kwa kila spika. Namba ya kutazama ni wati za RMS, si namba kubwa iliyo mbele ya boksi.

Kwa amplifaya, njia rahisi ya kugundua uongo ni kuangalia fyuzi zake. Zidisha ampea za fyuzi kwa volti 14. Amplifaya yenye fyuzi ya ampea 30 haiwezi kuvuta kwa muda zaidi ya wati 420, na sehemu ya umeme huo hupotea kama joto. Ikiwa boksi limeandikwa wati 2,000, mnunuzi ajue analipia wino.

Kwa pikapu ya kazi, redio nzuri na spika mbili bora za milangoni, zikifungwa kwenye milango iliyobandikwa shiti, humtosha dereva. Ukubwa wa spika hutofautiana, kwa mfano inchi 6 na nusu au 6 kwa 9, hivyo tundu na kina vipimwe kwanza huku kioo kikiwa kimeteremshwa chote. Anayetaka besi aongeze sabufa nyembamba ya chini au nyuma ya kiti. Jeki, pembetatu za hatari na mtungi wa kuzimia moto vibaki mahali vinapofikika.

UMEME: MAHALI PA KUTOKUBANA MATUMIZI

Amplifaya ya wati 300 za kweli ya aina ya D huvuta karibu ampea 27 ikiwa kwenye nguvu zote. Ile ya aina ya AB huvuta karibu 36. Kama alternata ni ya ampea 80, na taa, feni, kiyoyozi na injini vinatumia nusu yake, nafasi iliyobaki ni ndogo. Ampea za alternata husomwa kwenye kibandiko chake.

Kwa amplifaya hiyo, waya wa shaba wa milimita za mraba 16 kutoka betri hadi nyuma ya kiti unatosha. Sokoni kuna waya mnene wa bei ndogo ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Huo hupitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya shaba halisi. Mnunuzi akwangue uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu.

Kanuni zisizovunjwa ni hizi:

- Fyuzi kuu ikae kwenye waya wa chanya, umbali usiozidi sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hiyo hulinda waya. Waya ukikwaruzwa na kugusa bodi bila fyuzi, gari linaweza kuwaka moto hata swichi ikiwa imezimwa.
- Pale waya unapopita kwenye ukuta wa chuma, pawe na kizibo cha mpira.
- Waya wa hasi wa amplifaya uwe mfupi, unene uleule, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi.
- Waya za sauti zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine. Zikifuatana, spika hutoa mluzi unaopanda na kushuka kwa kufuata mafuta.
- Maungio yabanwe kwa viungio vyake au yalehemiwe, kisha yafunikwe. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu hulegea kwa mtikisiko wa barabara.

Kwenye redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa manjano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni umeme wa swichi, mweusi ni hasi, na wa bluu wenye mstari mweupe huwasha amplifaya. Spika za mbele ni mweupe kwa kushoto na kijivu kwa kulia, za nyuma ni kijani kwa kushoto na zambarau kwa kulia, na mwenzake mwenye mstari mweusi ni hasi. Rangi za waya za gari lenyewe hazifuati mpango huo. Kila waya upimwe kwa mita. Njia bora ni kununua soketi ya kuunganishia inayolingana na gari, ili waya za kiwandani zisikatwe.

BETRI KWENYE FOLENI YA MPAKA

Hasara kubwa ya muziki kwa msafirishaji hutokea gari likiwa limesimama. Betri ya ampea 70 kwa saa isitumiwe zaidi ya nusu kama bado inatarajiwa kuwasha injini ya dizeli. Hiyo ni ampea 35. Redio peke yake, ikivuta ampea 3, huweza kukaa takriban saa 11 kwa betri mpya. Mfumo wenye amplifaya unaovuta wastani wa ampea 10 hufika hapo kwa saa 3 na nusu. Betri iliyochoka huwahi zaidi.

Foleni ya usiku mmoja inaweza kuzidi muda huo. Kwa hiyo iwekwe swichi ndogo ya kuzima amplifaya peke yake, ili dereva asikilize redio tu anaposubiri. Waya mwekundu wa redio usiunganishwe na wa manjano, kwani hapo redio haizimiki swichi inapotolewa. Kwa anayelala garini mara kwa mara, betri ya pili yenye kitenganishi ni suluhisho la kudumu.

FORODHA NA UKAGUZI

Bei za vyombo vya muziki hutofautiana kati ya nchi na nchi, na wapo wanaonunua Nairobi, Kampala au Dubai ili wafunge nyumbani. Ikumbukwe kwamba redio iliyotengenezwa China au Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa ndani ya jumuiya. Cheti rahisi cha uasilia, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa za jumuiya zilizokidhi masharti ya uasilia. Chombo kilicho ndani ya boksi kitangazwe, na risiti iwepo.

Kwa vyombo vilivyokwisha kufungwa, risiti ya ununuzi na ya fundi zikae na karatasi za gari. Ukuta wa nyuma wa kebini au sakafu iliyofunikwa upya huweza kumtia shaka afisa anayetafuta mahali pa kufichia bidhaa. Kava zifungwe kwa skrubu zinazofunguka, zisigundishwe, na picha za kazi ilipokuwa wazi zihifadhiwe kwenye simu. Dakika 5 za kufungua kava ni bora kuliko bati kukatwa. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani mabadiliko ya umeme yasiyotajwa yanaweza kuleta ubishi gari likiungua.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

- Betri ipimwe injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6.
- Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4, na isishuke chini ya 13 taa, feni na muziki vikiwa pamoja.
- Kila kitu kikiwa kimezimwa kwa nusu saa, umeme unaovuja usizidi miliampea 50.
- Baada ya nusu saa ya muziki, waya na kishikio cha fyuzi viguswe. Visiwe vya moto.
- Madirisha, loki, honi na taa zote vijaribiwe.
- Gari lipigwe maji, kisha kapeti ikaguliwe kama imelowa.
- Liendeshwe kwenye njia ileile ya mwanzo, bila redio, na kelele ilinganishwe.

Baada ya wiki ya kwanza barabarani, maungio yote ya betri yakazwe tena. Sauti ya redio iachwe mahali ambapo dereva bado anasikia honi ya anayetaka kumpita, king'ora cha gari la wagonjwa, na mlio wowote mgeni kutoka kwenye gari lake mwenyewe.